Kitufe Kilichopotea: Jinsi Watumiaji Walivyopokea Sura Mpya za Windows

Mama mmoja anaingia katika saiba aliyoizoea ili ajaze fomu ya cheti cha mwenendo mwema. Anaketi kwenye kompyuta ile ile anayoipenda, karibu na dirisha. Mkono wake unasukuma kipanya hadi pembe ya chini kushoto ya skrini, kama ulivyofanya kwa miaka mingi, lakini pale palipokuwa na kitufe cha kuanzia anakuta taarifa ya hali ya anga.

"Kijana, hii mashine yako imeharibika?"

"Haijaharibika, mama. Tumeweka Windows mpya tu. Tazama hapo katikati."

Anatazama katikati. Kuna picha ndogo kadhaa zilizopangwa mstari mmoja, na hakuna hata moja iliyoandikwa jina. Anabofya moja, kisha nyingine. Baada ya dakika kumi anachoka na kumwomba kijana amfanyie. Neno lake la siri la eCitizen linatajwa kwa sauti, watu watatu wakisikia.

Mambo ya namna hii hutokea kila mara kompyuta zinapobadilishwa sura, iwe ni saiba, maktaba, shule au afisi ya umma. Ni rahisi kumcheka mama huyo na kusema hajui kompyuta. Lakini jana alikuwa anaijua, na kilichobadilika si yeye. Somo hili linaeleza kwa nini mabadiliko ya sura huwaudhi watu, ni lini malalamiko yao huwa na msingi, na mkaazi afanye nini sura ya kompyuta anayoitumia ikigeuzwa bila yeye kuulizwa.

MFUMO ENDESHI NA SURA YAKE

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoamsha kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Ule ulioenea zaidi kwenye kompyuta za mezani na laptopu ni Windows, ya kampuni ya Microsoft ya Marekani. Mfumo huo una sehemu za ndani asizoziona mtumiaji, kama vile namna ya kuhifadhi faili na kulinda mashine dhidi ya virusi. Una pia sehemu ya nje: vitufe, menyu, madirisha, rangi na picha ndogo za programu. Wataalamu huiita kiolesura. Hapa tuiite sura.

Sehemu za ndani zikibadilishwa, watu wengi hawatambui. Sura ikibadilishwa, kila mtu anajua asubuhi hiyo hiyo.

KITUFE KILIVYOZALIWA

Mwaka wa 1992 Microsoft ilitoa Windows 3.1. Ilipokuwa ikitayarisha toleo lililofuata, wabunifu wake waliwaketisha watu mbele ya kompyuta, wakiwemo wale waliokuwa wanaanza, wakawatazama wakihangaika. Waliyoyaona yalikuwa mambo ya kawaida kabisa. Mtu anayeanza hakujua programu inafunguliwa wapi. Kubofya mara mbili kwa haraka kulimshinda. Dirisha moja likifunika jingine, alidhani lile la chini limepotea pamoja na kazi yake.

Majibu ya matatizo hayo yalikuwa mawili. La kwanza ni mstari wa chini wa skrini unaoonyesha kila dirisha lililo wazi, ili lililofunikwa lisionekane limepotea. La pili ni kitufe. Katika majaribio ya awali kulikuwa na vitufe vitatu vilivyoandikwa System, Find na Help, yaani mfumo, tafuta na usaidizi. Baadaye viliunganishwa kuwa kimoja kikaandikwa Start, yaani anza. Mbunifu anayetajwa sana kwa kazi hiyo ni Danny Oran. Windows 95 ilipozinduliwa tarehe 24 Agosti 1995, mtu aliyewasha mashine kwa mara ya kwanza aliona mshale na maneno yakipita kwenye mstari huo wa chini, yakimwambia abofye pale ili aanze.

Kuna uamuzi mwingine wa wakati huo unaostahili kukumbukwa. Wabunifu walikuwa wamefikiria kuwatengenezea wanaoanza sura yao rahisi, tofauti na ile ya wazoefu. Waliachana na wazo hilo. Anayeanza habaki kuwa anayeanza, na siku ya kuhama kutoka sura moja hadi nyingine angelazimika kujifunza upya.

Kitufe hicho kilikaa pembe ile ile kwa miaka 17. Windows XP ya mwaka wa 2001 ilikuja na rangi za buluu na kijani ambazo wengi walizicheka wakisema zinafanana na vitu vya kuchezea watoto. Vista ya mwaka wa 2007 iliwaudhi watu kwa kuuliza ruhusa kila hatua. Vista hiyo hata iliondoa neno Start ikaacha nembo ya mviringo tu, lakini pembe haikubadilika, na kwa mtu aliyezoea, mkono huijua pembe kuliko jicho linavyolijua neno.

MWAKA KITUFE KILIPOONDOLEWA

Mwaka wa 2010 kampuni ya Apple ilitoa iPad, na watu wakaanza kununua vishikwambi. Microsoft iliona biashara yake inatishiwa. Chini ya Steven Sinofsky, aliyesimamia Windows wakati huo, iliamua kutengeneza mfumo mmoja ambao ungefanya kazi kwenye kishikwambi cha kuguswa kwa kidole na pia kwenye kompyuta ya mezani yenye kipanya na kibodi. Ndiyo Windows 8, iliyoanza kuuzwa tarehe 26 Oktoba 2012.

Aliyeiwasha hakuona tena dawati alilolizoea. Aliona skrini nzima imejaa vigae vya rangi, vikubwa na vidogo, vikisogea upande hadi upande. Dawati la zamani lilikuwepo, lakini lilikuwa limefichwa nyuma ya kigae kimoja. Aliyefika huko alikuta kitufe cha Start hakipo. Kurudi kwenye vigae kulihitaji kusukuma kipanya hadi pembe ya chini kushoto na kungoja kitu kitokeze, ingawa hapakuwa na alama yoyote ya kuonyesha kwamba pembe hiyo ina kazi.

Chukua mfano wa kuzima kompyuta, kazi ambayo kila mtu huifanya kila siku. Katika Windows 7, mtu alibofya kitufe cha pembeni kisha akabofya neno la kuzima. Katika Windows 8 ilimbidi apeleke kipanya kwenye pembe ya kulia hadi utepe uliofichwa utokeze, abofye Settings, abofye alama ya Power, kisha achague kuzima. Si hatua nyingi kwa anayezijua. Kwa asiyezijua hakuna mahali pa kuanzia, kwa sababu hatua ya kwanza haionekani. Wengi walikuwa wakibonyeza kitufe cha mashine yenyewe hadi izimike.

Programu mpya za vigae nazo hazikuwa na alama ya X ya kufungia. Ili kuifunga, mtu alishika sehemu ya juu ya skrini na kuiburuta hadi chini. Kwa kidole jambo hilo ni jepesi na hata linapendeza. Kwa kipanya ni kama kuvuta mlango kwa kijiti.

Na kila kitu kilikuwa viwili. Kulikuwa na Internet Explorer ya vigae na Internet Explorer ya dawati, na kurasa zilizofunguliwa katika moja hazikuonekana katika nyingine. Kulikuwa na mipangilio ya sura mpya na mipangilio ya zamani, kila moja ikiwa na mambo ambayo nyingine haikuwa nayo. Lile wazo la sura mbili ambalo wabunifu wa Windows 95 walilitupa sasa lilikuwa limerudi kwa mlango mwingine, na safari hii mtumiaji alirushwa kutoka sura moja hadi nyingine mara kadhaa kwa saa.

WALIOONYA MAPEMA

Malalamiko hayakungoja mauzo. Toleo la majaribio lisilo na kitufe lilitolewa kwa umma mwishoni mwa Februari 2012, miezi minane kabla. Mwezi uliofuata, Chris Pirillo, Mmarekani anayejulikana kwa vipindi vya teknolojia, alimketisha babake mbele ya Windows 8 na kumrekodi bila kumpa maelezo yoyote. Mzee alifika kwenye dawati, kisha akashindwa kurudi alikotoka. Alibofya huku na huku, akauliza, mwanawe akanyamaza. Video hiyo ilisambaa sana, na si vigumu kuelewa kwa nini: kila aliyeitazama alimwona mzazi wake mwenyewe, au mteja wake wa kesho.

Mnamo Novemba 2012, Jakob Nielsen, mtaalamu ambaye kwa miaka mingi amechunguza namna watu wanavyotumia kompyuta, alichapisha matokeo ya kuwajaribu watu 12 kwenye mfumo huo. Hawa hawakuwa wanaoanza. Walikuwa na uzoefu wa kompyuta, na bado walitatizika. Nielsen alitaja mambo mahususi: sura mbili zinazomlazimisha mtu kukumbuka yuko upande gani, vitu vilivyofichwa pembeni ambavyo mtu husahau kwamba vipo, na maandishi bapa ambayo hayaonyeshi kama yanabofyeka au ni pambo tu.

Je, Microsoft haikuwa na habari? Ilikuwa nazo, tena nyingi, na hapa ndipo penye somo kubwa kwa yeyote anayepanga huduma za watu. Katika Windows 7, mtumiaji angeweza kubandika programu anazozipenda kwenye mstari wa chini na kuzifungua kutoka hapo moja kwa moja. Takwimu ambazo kompyuta zilizokubali zilituma kwa kampuni zilionyesha kuwa menyu ya Start sasa inafunguliwa mara chache zaidi kuliko zamani. Wahandisi walieleza hayo hadharani mwaka wa 2011, wakati walipokuwa wakitetea mwelekeo wao mpya.

Takwimu hizo huenda zilikuwa sahihi kabisa. Lakini mtu huenda zahanati mara mbili tu kwa mwaka, na hiyo si sababu ya kuifunga. Kitufe cha Start kilikuwa mahali pa kukimbilia mtu anapopotea: programu isiyobandikwa popote, mashine ya mtu mwingine, siku ya kuzima. Takwimu zilihesabu mibofyo. Hazikuhesabu utulivu wa mtu anayejua kwamba mambo yakimshinda kuna pembe moja ya kurudia.

KWA NINI MWENYEJI HUUMIA KULIKO MGENI

Kituo cha matatu kikihamishwa kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine, mgeni hasumbuki. Anauliza, anaonyeshwa, anaenda. Anayesumbuka ni abiria wa miaka yote, ambaye miguu yake inampeleka kituo cha zamani kabla akili haijakumbuka. Anafika, anakuta mahame, anageuka, amechelewa. Kesho anarudia kosa lile lile.

Kompyuta ni hivyo hivyo. Anayeitumia kila siku hafikirii tena kitufe kiko wapi. Mkono unaenda wenyewe, huku akili ikishughulika na barua anayoiandika au hesabu anayoifunga. Uzoefu huo ni mali aliyoichuma kwa muda. Sura inapogeuzwa, mali hiyo inachukuliwa, na mtu aliyekuwa fundi anafanywa mwanafunzi mbele ya wateja wake. Hasira ya karani anayeshindwa kuchapisha risiti huku foleni ikirefuka haitokani na uvivu wa kujifunza.

Kwenye kompyuta za kutumiwa na wengi kuna tatizo la ziada. Windows 8 ilipoanza kutumiwa ilitoa maelezo mafupi kwa mwenye akaunti mpya, ikimwambia apeleke kipanya kwenye pembe yoyote. Katika saiba, akaunti ni moja. Aliyeona maelezo hayo ni aliyeifungua siku ya kwanza. Mteja wa mia moja hakuyaona.

Hata hivyo, haki itendeke. Sehemu ya ndani ya Windows 8 ilikuwa nzuri. Iliwaka haraka kuliko Windows 7, na waliokuwa na skrini za kugusa wengi wao waliipenda. Watu walikuwa wakilalamikia mlango, si nyumba.

MALALAMIKO YALIYOZAA MATUNDA

Watumiaji hawakukaa wakilia tu. Kampuni ya Stardock iliuza programu ndogo iitwayo Start8, kwa takriban dola 5, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kurudisha kitufe na menyu yake. Nyingine, Classic Shell, ilitolewa bure na ikapendwa mno. Mtu anapotoa pesa mfukoni kununua kitu alichokuwa nacho bure mwaka uliopita, huo ni ushahidi ambao hauhitaji kamati ya uchunguzi.

Kufikia Mei 2013 Microsoft ilikuwa imeuza leseni milioni 100 za Windows 8, idadi kubwa, lakini leseni nyingi huja pamoja na mashine mpya na mnunuzi hana la kuchagua. Mwezi huo huo Tami Reller, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa kitengo cha Windows, alikiri hadharani kwamba ugumu wa kujifunza mfumo huo ulikuwa wa kweli na lazima ushughulikiwe. Sinofsky alikuwa ameshaondoka katika kampuni Novemba 2012.

Marekebisho yalikuja kwa mafungu. Windows 8.1, tarehe 17 Oktoba 2013, ilirudisha kitufe, ingawa kukibofya kulimpeleka mtu kwenye vigae vile vile. Wengi waliona ni kama kurudishiwa mpini bila jembe. Ilimruhusu pia mtu kuingia moja kwa moja kwenye dawati anapowasha. Mnamo Aprili 2014 alama ya X ilirudi kwenye programu za vigae, na kitufe cha kuzimia kikawekwa mahali kinapoonekana. Windows 10, iliyotolewa tarehe 29 Julai 2015, ilirudisha menyu yenyewe, vigae vikiwa vimesogezwa ndani yake. Safari hii kampuni iliwaalika watu wajisajili na kuijaribu tangu Oktoba 2014, miezi kadhaa kabla ya kuitoa, na kutuma maoni yao.

Microsoft si ya pekee. Mwaka wa 2011, sura mpya ya GNOME inayotumiwa na kompyuta za Linux ilipotolewa, mmoja wa waliolalamika vikali ni Linus Torvalds, mtu aliyeanzisha Linux yenyewe, naye akahamia sura nyingine. Kama mtu huyo alikasirika, mama wa saiba asione haya. Apple nayo ilipotoa iOS 7 ya simu mwaka wa 2013, baadhi ya watu walisema picha zinazoruka na kusogea zinawatia kizunguzungu. Kampuni iliongeza namna ya kupunguza mwendo huo.

MAZOEA AU KIZUIZI?

Kuna malalamiko yanayoisha yenyewe baada ya wiki mbili tatu, na kuna yasiyoisha. Ya kwanza hutokana na mazoea, nayo dawa yake ni muda. Ya pili hutokana na kizuizi: jambo limefichwa, limeondolewa, au linamdhuru mtu, na muda hauponyi kitu. Kizunguzungu si mazoea. Kitufe kisichoonekana si mazoea.

Windows 11, iliyotolewa tarehe 5 Oktoba 2021, inaonyesha tofauti hiyo vizuri. Ilisogeza kitufe cha Start kutoka pembeni hadi katikati. Hilo ni la mazoea, na anayelichukia anaweza kukirudisha. Lakini ilipotoka pia iliondoa uwezo wa kuburuta faili hadi kwenye mstari wa chini, ikakataza madirisha ya programu moja kuonyeshwa kila moja kivyake kwa jina, na katika menyu ya kubofya kulia ikaweka picha ndogo zisizo na maneno kwa kazi za kukata, kunakili na kubandika. Hayo yalikuwa vizuizi kwa watu wenye kazi nyingi. Watumiaji walisema, wakarudia, na yalirudishwa moja moja: kuburuta faili mwaka wa 2022, majina ya madirisha mwaka wa 2023, na maneno chini ya picha hizo mwaka wa 2024.

Yaliyorudishwa yana jambo moja la kufanana: yalilalamikiwa kwa kutajwa. "Windows mpya ni mbaya" haimpi fundi pa kuanzia. "Siwezi kuona jina la kila faili la Excel nililofungua" inampa.

KWA MKAAZI ANAYEKUTANA NA SURA MPYA SASA

Suala hili limekuwa la haraka kwa sababu Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta yenye mfumo huo bado inawaka na kufanya kazi, lakini haipati tena marekebisho ya usalama, isipokuwa kwa wenye kujisajili katika mpango wa nyongeza ambao kwa watu binafsi ulipangwa kufika 13 Oktoba 2026. Kubaki na Windows ya zamani kwa sababu tu sura yake inapendeza kuna gharama: kila tundu la usalama linalogunduliwa baada ya hapo linabaki wazi, na kwenye mashine hiyo hiyo ndipo watu huingiza nambari za kitambulisho na maneno ya siri.

Kujua toleo lililopo, shikilia kitufe cha kibodi chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha bonyeza Enter. Jibu litatokea.

Anayetaka kununua kompyuta iliyotumika, kama wengi wafanyavyo, aulize kabla ya kulipa iwapo mashine inakubali Windows 11. Mfumo huo unahitaji chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, kumbukumbu ya RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya kuhifadhi isiyopungua GB 64, na prosesa iliyo katika orodha iliyoidhinishwa. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa jumla huanzia kizazi cha 8. Microsoft hutoa bure programu ya PC Health Check inayopima hayo yote. Muuzaji mwaminifu hatakataa uipime mbele yake. Bei ya chini mno ya laptopu mara nyingi ina maelezo yake hapo.

Kurudisha kitufe cha Start pembeni katika Windows 11, bofya kulia mahali patupu kwenye mstari wa chini, chagua "Taskbar settings", fungua sehemu ya "Taskbar behaviors", na katika "Taskbar alignment" chagua "Left". Menyu fupi ya kubofya kulia ikikosa unachokitafuta, chagua "Show more options" na ile ndefu ya zamani itafunguka.

Jambo lenye faida kuliko yote, ambalo halifundishwi vya kutosha, ni vitufe vya kibodi. Picha na menyu zimehamahama kwa miaka 30, lakini vitufe hivi havijahama. Nembo ya Windows hufungua Start popote ilipofichwa, na ndiyo iliyowaokoa waliozijua njia za kibodi wakati wa Windows 8. Nembo pamoja na D huonyesha dawati. Nembo pamoja na E hufungua faili. Ctrl na P huchapisha, Ctrl na S huhifadhi, Alt na F4 hufunga dirisha, na ukiwa kwenye dawati tupu, Alt na F4 hukuletea dirisha la kuzima. Mwenye saiba anaweza kuyaandika haya kwenye kikaratasi na kukibandika juu ya kila skrini. Ni kazi ya dakika tano, na itamfikia yule mteja wa mia moja.

Wakati wa mabadiliko ndio wakati wa matapeli pia. Jihadhari na tovuti usizozijua zinazotoa programu za "kurudisha Windows ya zamani", na matangazo yanayojitokeza yakidai kompyuta yako ina hitilafu na kukupa nambari ya simu ya kupiga. Microsoft haiweki nambari ya simu kwenye ujumbe wake wa hitilafu. Sasisho la kweli hupatikana ndani ya "Settings", sehemu ya "Windows Update", si kwenye kiungo kilichotumwa kwa ujumbe.

Na kuhusu neno la siri: hata sura ikikushinda kabisa, kaa kwenye kibodi mwenyewe. Mwombe kijana akuonyeshe kwa kidole mahali pa kubofya, naye ageuke unapoandika. Ukishamaliza, toka kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Kama umelazimika kumpa mtu neno la siri, libadilishe siku hiyo hiyo, hata kwa simu yako.

Anayekuta kizuizi kwenye kompyuta ya umma, iwe maktaba au afisi ya huduma, na amweleze mhudumu mambo manne: ni mashine gani, alitaka kufanya nini, alibofya wapi, na nini kilitokea au hakikutokea. Kwa malalamiko ya Windows yenyewe, bonyeza nembo ya Windows pamoja na F, na ukurasa wa kutuma maoni kwa Microsoft utafunguka pamoja na picha ya skrini uliyokuwa ukiitazama. Hakikisha picha hiyo haina nambari ya kitambulisho chako kabla ya kuituma.